Sindano ya Kichefuchefu na Mzio: Ulizeni Kabla ya Kuchomwa
Mazungumzo na wakazi wa Kagongwa, Kahama



Tunawashukuru kwa kutupatia muda wenu katika siku ya kazi. Tunafahamu kwamba wapo walioacha mpunga kwenye foleni ya mashine, wapo walioegesha pikipiki na magari kando ya barabara kuu ya Isaka na Kahama, na wapo waliopanda kutoka katika maduara ya dhahabu usiku wa kuamkia leo. Kwa hiyo hatukuja na mambo mengi. Tumekuja na dawa moja tu, na tunapenda kila mmoja wenu aondoke hapa akiifahamu vyema.

Dawa hiyo ni promethazini ya sindano. Wengine wanaifahamu kwa jina la Phenergan, ambalo ni jina lake la kibiashara la zamani. Hutolewa kwa mtu mwenye kichefuchefu na kutapika, au mwenye mzio, yaani yule ambaye mwili wake umewashwa, umevimba au umetoka mabaka kwa sababu ya chakula, dawa, mdudu au vumbi. Ni dawa nzuri, na hatukuja kuwaogopesha ili muikatae. Tumekuja kwa sababu kuna imani mbili zilizoenea miongoni mwa watu, nazo zinapokutana na dawa hii huweza kumgharimu mtu mkono wake.

Imani ya kwanza ni kwamba sindano siku zote ina nguvu kuliko kidonge. Imani ya pili ni kwamba sindano inayounguza sana ndiyo inayotibu, na kwamba mgonjwa jasiri ni yule anayeuma meno na kunyamaza. Tutaanza kwa kueleza dawa yenyewe, kisha tutazijibu imani hizo moja baada ya nyingine.

Dawa hii ni ipi

Promethazini ilitengenezwa Ufaransa katika miaka ya 1940 na watafiti wa kampuni ya Rhône-Poulenc. Mwili wa mwanadamu unapokutana na kitu usichokipatana nacho, hutoa kemikali iitwayo histamini. Histamini ndiyo inayowasha ngozi, inayovimbisha midomo na kope, na inayofanya macho na pua kuchuruzika. Kazi ya promethazini ni kuizuia histamini isifanye hayo. Aidha, dawa hii hutuliza sehemu ya ubongo inayoamsha kutapika, na huleta usingizi. Usingizi huo si bahati mbaya. Ni sehemu ya dawa, na tutaurudia baadaye.

Dawa hii hupatikana kama vidonge, kama dawa ya maji ya kunywa, na kama sindano. Ya sindano hukaa katika kichupa kidogo cha kioo ambacho shingo yake huvunjwa wakati wa kutumiwa. Kwa kawaida kila mililita moja ya dawa hiyo ina miligramu 25. Lakini vipo vichupa vya mililita moja na vipo vya mililita mbili. Kwa hiyo neno “kichupa kimoja” si kipimo. Aliyechomwa kichupa kimoja huenda amepata miligramu 25, na mwenzake aliyechomwa kichupa kimoja cha aina nyingine akapata 50. Kipimo hutajwa kwa miligramu, na anayestahili kukipanga ni mtaalamu aliyempima mgonjwa.

Sasa tuitazame imani ya kwanza. Promethazini ikimezwa kama kidonge, huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hivi. Ikichomwa kwenye msuli, huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hivi vilevile. Katika hali zote mbili nguvu yake hudumu kwa kawaida saa nne hadi sita, na kwa baadhi ya watu huweza kufika saa 12. Mtu anayeweza kumeza na asitapike hana anachokipoteza kwa kupewa kidonge. Sindano ina mahali pake: kwa mgonjwa anayetapika kila anachomeza, kwa mgonjwa asiyeweza kumeza, na katika maandalizi ya upasuaji hospitalini. Nje ya hapo, kudai sindano ni kununua hatari ambayo hukuihitaji.

Kwa nini inaunguza

Imani ya pili inahitaji maelezo marefu kidogo.

Maji ya dawa hii yana asili ya tindikali, na dawa yenyewe huchoma nyama laini za mwili. Msuli mkubwa ulio na damu ya kutosha unaweza kuipokea na kuisambaza taratibu. Ngozi na mafuta yaliyo chini yake hayawezi. Mishipa ya damu nayo ina namna mbili. Kuna vena, mishipa inayorudisha damu moyoni; hiyo ndiyo tunayoiona ikiwa imetuna kwenye mikono ya wakulima na wachimbaji. Na kuna ateri, mishipa inayotoa damu moyoni na kuipeleka hadi ncha za vidole. Dawa ikiingia katika ateri, husukumwa moja kwa moja kwenda kwenye vidole. Huko hukaza mishipa midogo, damu hugandamana, na nyama isiyopata damu hufa. Hugeuka kuwa nyeusi, ndiyo ile hali ambayo wengi huiita donda ndugu.

Tatizo ni kwamba ateri na vena hupita karibu karibu, hasa kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mkono. Hata mtu mwenye ujuzi anaweza kuikosa moja akaipata nyingine. Na hata akiipata vena, sindano ikitoboa upande wa pili dawa huvujia kwenye nyama.

Ndiyo maana njia za kuitoa dawa hii zimepangwa kwa ukali. Njia inayopendekezwa zaidi ni kuichoma ndani kabisa ya msuli mkubwa. Kuichoma chini ya ngozi hakuruhusiwi. Kuiingiza katika ateri hakuruhusiwi kamwe. Kuiingiza katika vena ni jambo la wataalamu, mahali palipo na vifaa, kwa sababu maalumu, na kwa masharti ambayo tutayataja.

Mgonjwa mwenyewe ana chombo kimoja cha kugundua kosa kabla ya mtu mwingine yeyote, nacho ni maumivu. Uchungu wa sindano kuingia msulini ni wa kawaida. Lakini moto unaopanda au kushuka ghafla kwenye mkono, maumivu makali yanayokimbilia vidoleni, au ganzi inayoanza wakati dawa bado inasukumwa, hayo si dalili ya dawa kufanya kazi. Ni dalili kwamba huenda dawa imekwenda mahali pasipo pake. Kwa dawa hii, mgonjwa anayenyamaza ili aonekane jasiri anamnyima muuguzi habari pekee inayoweza kumwokoa.

Mkono uliopotea Vermont

Haya si maneno ya kutishia watoto. Tarehe 7 Aprili 2000, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, mwanamuziki aitwaye Diana Levine alikwenda katika zahanati ya jamii akiwa na maumivu makali ya kichwa na kichefuchefu. Alichomwa sindano ya msuli, pamoja na dawa nyingine ya maumivu. Hakupata nafuu ya kutosha. Siku hiyo hiyo alirudi, na safari hii promethazini ikasukumwa kwa bomba moja kwa moja katika mshipa wa mkono ili imsaidie haraka zaidi. Dawa ikaingia katika ateri. Nyama ya mkono ilikufa, na madaktari wakalazimika kukata kwanza kiganja, kisha sehemu ya mkono hadi karibu na kiwiko. Mtu aliyekuwa akiishi kwa kupiga gitaa na kinanda aliingia katika zahanati kwa sababu ya kichefuchefu, na akaishia kupoteza mkono.

Alimshitaki mtengenezaji wa dawa, kampuni ya Wyeth, akidai kwamba maandishi yaliyoambatana na dawa hayakuonya vya kutosha kuhusu njia ile ya kuisukuma mshipani. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, na tarehe 4 Machi 2009 majaji sita dhidi ya watatu walimpa haki. Mwezi Septemba mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliagiza kwamba onyo kuhusu kufa kwa nyama liandikwe ndani ya kisanduku, mwanzoni mwa maelezo ya dawa, mahali ambapo hakuna atakayesema hakuliona. Mwezi Desemba 2023 masharti yakakazwa tena: inapolazimu kutolewa katika vena, dawa ichanganywe kwanza na maji ya dripu, iingie taratibu kwa dakika 20 hadi 40, katika mshipa mkubwa, wala si kwenye mgongo wa kiganja au kifundo cha mkono.

Tumeisimulia habari hii kwa sababu mkono wa mtu wa Vermont na mkono wa mtu wa Kagongwa vimeumbwa sawasawa, na dawa ni ile ile. Tafadhali liangalieni jambo moja katika kisa hicho. Hatari ilizidi pale ilipotafutwa njia ya haraka zaidi. Mara nyingi sisi wagonjwa ndio tunaoidai haraka hiyo. “Nichome ya mshipa, niwahi kazini.” Neno hilo ni fupi, lakini uzito wake mmeusikia.

Kwa nini msuli nao una mahali pake

Mtu anaweza kusema: basi, sindano ya msuli haina tatizo. Nayo ina utaratibu wake. Katika kalio hupita neva kubwa inayoendesha mguu mzima. Katika wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda, madaktari wameandika kuhusu watoto waliopooza mguu baada ya kuchomwa sindano kalioni, nyingi zikiwa za kwinini, na wengine ambao misuli ya makalio iliganda ikawa migumu hata wakashindwa kuchuchumaa. Promethazini, kwa tabia yake ya kuchoma nyama, haifai kabisa kukaribishwa kwenye neva.

Kwa hiyo sindano ya kalioni huchomwa sehemu ya juu, upande wa nje. Mtoa huduma anaweza pia kuchagua upande wa nje wa paja. Ukisikia umeme unashuka mguuni hadi unyayoni wakati wa kuchomwa, sema papo hapo.

Mtoto mdogo asipewe

Akina mama na akina baba, neno hili ni lenu. Promethazini, iwe ya sindano, ya vidonge au ya maji, isitolewe kwa mtoto aliye chini ya umri wa miaka miwili. Huweza kupunguza pumzi zake hadi zikome, na vifo vimetokea. Kwa mtoto aliyezidi umri huo, ni mtaalamu pekee atakayeamua, kwa kipimo kidogo kinachotosha. Msimpe mtoto dawa hii ili alale safarini. Msimpe ili anyamaze usiku.

Mtoto anayetapika na kuharisha anahitaji maji mwilini kabla ya kitu kingine. Anahitaji mchanganyiko wa chumvi na sukari unaotolewa katika pakiti za ORS, vidonge vya zinki, kuendelea kunyonya au kula, na kupelekwa zahanati. Mtoto aliyelegea, asiyekunywa, au mwenye macho yaliyoingia ndani, asisubiri hadi kesho.

Mzio unaoziba pumzi

Hapa kuna kosa linaloua, nalo hutokana na kuiamini promethazini kupita uwezo wake. Mtu aliyeumwa na nyuki wengi, au aliyechomwa dawa ambayo mwili wake haupatani nayo, anaweza kuingia katika mshtuko wa mzio. Uso na ulimi huvimba, sauti hukwama, kifua hupiga miluzi, mapigo huwa dhaifu, naye huanguka. Dawa ya kwanza ya hali hiyo ni adrenalini, inayochomwa katika msuli wa paja bila kuchelewa. Promethazini haifungui njia ya hewa iliyoziba, wala hairudishi damu iliyoshuka. Inaweza kufuata baadaye ili kupunguza muwasho. Ikiwekwa mbele na adrenalini ikasubiri, dakika za uhai hupotea.

Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo msimzungushe katika maduka mkitafuta sindano ya aleji. Mpelekeni moja kwa moja katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu, na mwambieni mhudumu mlangoni: “Huyu pumzi zinaziba.”

Kichefuchefu kina chanzo chake

Ndugu wananchi, kutapika ni taarifa. Dawa hii inaweza kuinyamazisha taarifa bila kuondoa kilichoileta. Malaria hutapisha, inahitaji kipimo na dawa yake. Mimba hutapisha, mama anayetapika hata asibakize maji anapaswa kuonwa na mkunga au daktari, wala asijinunulie dawa. Aliyeanguka na kupigwa kichwa kisha akaanza kutapika huenda anavuja damu ndani ya fuvu, na usingizi wa promethazini utamficha hadi awe amechelewa. Tumbo linalouma upande mmoja na kukaza, pamoja na kutapika, huenda linahitaji upasuaji.

Kwa ndugu zetu wa migodini tuna la ziada. Katika eneo hili lote, kuanzia Kahama hadi Geita, watu huteremka katika maduara ambako pampu na jenereta huendeshwa kwa mafuta. Moshi wa mashine hizo una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huanza kwa kuumiza kichwa, kuleta kizunguzungu na kichefuchefu. Anayechoma zebaki ili kupata dhahabu naye huvuta mvuke unaobana kifua, unaoleta kikohozi na kutapika. Mtu wa namna hiyo anahitaji kutolewa kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali. Akichomwa sindano ya kichefuchefu na kurudishwa chini, amerudishwa kwenye sumu akiwa na usingizi. Mwambieni mtoa huduma kazi mnayoifanya na mahali mlipokuwa mlipoanza kuugua. Hilo si kujishitaki. Ni sehemu ya matibabu.

Usingizi wake ni wa kweli

Aliyepewa dawa hii asiendeshe gari, bodaboda wala baiskeli siku hiyo. Asisimame mbele ya mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga. Asishushwe katika duara, wala asikae kwenye karasha. Dereva wa lori anayepita hapa akielekea Rwanda au Burundi, akichomwa sindano hii, safari yake imesimama hadi usingizi uishe, na huo tumesema unaweza kufika saa 12.

Pombe na promethazini hazikai pamoja. Gongo, bia na pombe za kienyeji zote huongeza usingizi huo hadi mtu apunguze kupumua. Vivyo hivyo dawa kali za maumivu, zikiwamo zile ambazo baadhi ya vijana huzitumia ili wavumilie kazi nzito, na dawa za usingizi. Aliyekunywa chochote kati ya hivyo aseme ukweli kabla ya kuchomwa. Pia aseme mwenye kifafa, mwenye pumu au shida ya kupumua, mwenye presha ya macho, mzee mwenye tezi dume anayepata shida kukojoa, mjamzito na mama anayenyonyesha.

Mambo manne ya kuuliza

Tunajua kwamba wengi huona haya kumuuliza daktari au muuguzi. Kuuliza si ujinga, wala si kumkosea adabu aliyesoma. Mtoa huduma mwema huulizwa na kujibu kwa furaha. Semeni kwa heshima, “Samahani daktari, naomba kuuliza,” kisha ulizeni haya.

La kwanza: “Hii ni dawa gani, na ni ya nini?” Ombeni kukiona kichupa kabla hakijavunjwa. Tazameni jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa iwe angavu kama maji. Iliyobadilika rangi au yenye chembechembe isitumike.

La pili: “Je, naweza kupata ya kumeza?” Kama mnaweza kumeza, swali hili peke yake linaweza kuwaepusha na yote tuliyoyasema.

La tatu: “Mtaichoma wapi?” Jibu linalotarajiwa ni ndani ya msuli. Mkiambiwa ni ya mshipa, ulizeni kwa nini, na kama itachanganywa katika dripu na kuingia taratibu. Kama ni kuisukuma kwa bomba katika mshipa wa kiganja, mnayo haki ya kusema, “Hapana, naomba nipate ya msuli.”

La nne: “Bomba na sindano ni vipya?” Vifunguliwe katika pakiti yake mbele yenu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2000 pekee sindano zilizorudiwa kutumika ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini ya aina B, watu milioni mbili ya aina C, na watu 260,000 virusi vya UKIMWI. Sindano moja, mtu mmoja, mara moja. Baada ya hapo iingie katika kisanduku cha kutupia vyenye ncha kali, wala si jalalani ambako watoto wetu huiokota na kuchezea udaktari.

Wakati wa kuchomwa, mkisikia maumivu makali yasiyo ya kawaida, semeni kwa sauti: “Simama.” Mtoa huduma anapaswa kusimamisha hapo hapo. Msiombe radhi kwa kusema hivyo.

Baada ya kuchomwa, kaeni kituoni kwa muda mtakaoelekezwa, pamoja na ndugu wa kuwasindikiza nyumbani. Kwa siku chache zinazofuata uangalieni mkono au mguu uliochomwa. Ukiwa wa baridi, umegeuka kuwa mweupe, wa buluu au mweusi, umevimba, umetoka malengelenge, umekufa ganzi au unauma kupita kiasi, rudini upesi, hata kama ni usiku. Msiuchanje, msiupake mitishamba, msiukande kwa maji ya moto mkingoja utulie. Hakuna tiba iliyothibitika ya kurudisha nyama iliyokwisha kufa, na kila saa ina thamani yake. Shingo ikijipinda yenyewe, macho yakageuka juu au taya likakaza, hayo nayo ni madhara yanayoweza kuletwa na dawa hii, nayo yana matibabu. Si pepo, wala mgonjwa hakurogwa. Mrudisheni kituoni.

Mahali pa kuchomwa, na mahali pa kusema

Duka la dawa ni mahali pa kupata dawa na ushauri. Si mahali pa kuchomwa sindano. Chumba cha nyuma ya duka, nyumba ya jirani aliyewahi kufanya kazi hospitalini, au kibanda kilicho karibu na machimbo, vyote havina kitanda cha kumwangalia mgonjwa, havina adrenalini, wala havina wa kuwajibika mambo yakiharibika. Sindano ichomwe zahanati, kituo cha afya au hospitali, na iandikwe katika cheti au daftari la mgonjwa: jina la dawa, kipimo, mahali ilipochomwa na saa. Maandishi hayo yatamsaidia daktari wa Kahama au wa Bugando, ikiwa mtafikishwa huko.

Mtu akidhurika na dawa, au akitilia shaka ubora wake, atoe taarifa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ipo kwa kazi hiyo, na kila kituo cha afya na famasia wanaweza kumsaidia mwananchi kujaza fomu ya taarifa za madhara ya dawa. Tunzeni kichupa na kisanduku chake, kwa sababu namba ya toleo iliyochapwa hapo ndiyo inayowezesha dawa kufuatiliwa hadi kiwandani. Taarifa ya mtu mmoja huonekana ndogo. Lakini onyo lile lililowekwa ndani ya kisanduku mwaka 2009 lilitokana na taarifa za watu mmoja mmoja waliodhurika, wakasema, na maneno yao yakaandikwa.

Wazee wetu wametufundisha kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kinga ya jambo hili haiuzwi, wala haihitaji safari. Imo vinywani mwenu: kuuliza kabla ya sindano kuingia, na kusema “simama” inapounguza. Mkirudi nyumbani, mwambieni aliyebaki na watoto, mwambieni aliye kwenye mashine, na mwambieni yule atakayeteremka katika duara usiku wa leo.

Sasa tupo tayari kwa maswali yenu.